Kumtoa Dada Kabla Anga Haijafungwa

Mimi ni mkalimani wa mahakama hapa Malindi, na nasema bila haya kwamba kazi hii naijua. Mahakimu wamekuja na kuhamishwa, mimi nimebaki pale pale kando ya kizimba. Mzee wa Jilore akisema Kigiriama chake cha ndani kabisa, nakigeuza papo hapo, sikuni kichwa. Na sheria ya kazi yetu ni moja: mkalimani hana maneno yake. Mshtakiwa akisema "sikumpiga", nami nasema "sikumpiga". Sisemi "anadai hakumpiga". Siku yangu ya kwanza nilikosea nikasema "huyu anadai", hakimu akanitazama juu ya miwani, nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Tangu hapo nimekiri wizi wa mbuzi, nimekana watoto, nimeapa kumkata shemeji panga, yote kwa sauti yangu mwenyewe, kisha saa saba ikifika naenda zangu kula wali. Wenzangu hunitania kwamba ningefungwa kwa kila nililokiri, nisingetoka gerezani mpaka kiyama.

Naeleza haya kwanza ili ajue anayesoma nilikuwa mtu wa namna gani habari za vita zilipoanza. Nilikuwa mtu asiyeogopa karatasi yoyote.

Dada yangu mdogo, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa akifanya kazi Ghuba. Nchi yenyewe siitaji. Waliokuwa na ndugu huko wanaijua. Alikuwa akimtunza mama mmoja mjane, mtu mzima sana, aliyepooza upande mmoja wa mwili. Alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani. Mwajiri ndiye huyo huyo mama. Dada hakuwa mtu wa kulalamika: chakula alipata, simu alikuwa nayo, Kiarabu cha nyumbani alikishika upesi. Tatizo lilikuwa pasipoti. Ilikaa kwenye kabati la yule mama, na ufunguo wa kabati mama aliuvaa shingoni.

Kisha redio ikaanza. Leo manowari zimesogea, kesho mabalozi wa nchi kubwa wamekutana hotelini. Wakitoka, wanasema mazungumzo yalikuwa mazuri. Na kila waliposema mazuri, manowari nyingine ikawasili. Ubalozi wetu ukatoa tangazo: Wakenya wote wajiandikishe, na anayeweza kuondoka aondoke wakati ndege za kawaida bado zinaruka. Dada akaomba pasipoti yake. Yule mama akamjibu kwamba mkataba haujaisha, angoje.

Mama yetu alinipigia simu kutoka Jilore. Alikuwa ameiacha mihogo yake shambani na kuja kukaa karibu na redio tangu asubuhi.

"Mwanangu, wewe si mtu wa serikali? Mtoe mtoto."

"Mama, usiwe na wasiwasi hata kidogo," nikamwambia. "Wiki hii haiishi kabla hajafika."

Na sikumdanganya, niliamini hivyo kabisa. Niliutoa mkataba wa kazi wa dada, nikausoma neno kwa neno. Niliitafuta sheria ya nchi ile kwenye mtandao, nikakuta kifungu kinachosema wazi kwamba mwajiri haruhusiwi kushikilia pasipoti ya mfanyakazi. Nikakipigia mistari miwili. Niliandika barua ya kurasa tatu yenye vifungu, vijifungu na mikataba ya kimataifa, barua ya kumtoa mtu jasho. Wakili mmoja aliyeisoma pale kantini akaniambia nimekosea njia, ningekuwa wakili. Nikamwambia naelewa.

Nikaituma barua kwa ubalozi wetu kule, kisha nikawapigia. Simu ilipokewa na afisa mmoja, mwanamke wa bara kwa matamshi yake, sauti imechoka mpaka mwisho. Barua yangu alikuwa ameshaisoma.

"Sheria iko upande wenu, sibishani na wewe," akasema. "Lakini tukimshtaki huyo mama, malalamiko yataenda ofisi ya kazi, nayo imwite, na dada yako apelekwe nyumba ya hifadhi akangoje. Nikiandika waraka wa kibalozi kwa wizara yao, wizara yao sasa hivi ina mambo ya makombora. Njia ya haraka ni moja. Huyo mama atoe pasipoti kwa hiari yake, na atie sahihi kwamba amemruhusu kuondoka. Ndege nitamtafutia."

"Tuna muda gani?"

"Siku nne, labda. Zaidi ya hapo usiniulize."

Habari zilifika Vitengeni kwa mjomba wetu, kaka yake mama, naye akanipigia. Alikuwa na shauri moja tu. "Usimpigie huyo mama wewe mwenyewe. Wewe una uchungu, utaharibu. Tafuta mjumbe, kama tunavyofanya tukienda kuposa."

Nilicheka. "Mjomba, hii si posa. Hii ni sheria ya kimataifa." Nikajiona nimesema neno kubwa.

Basi saa ya chakula nikaketi kwenye benchi nyuma ya mahakama nikampigia dada. Nilimwambia akae kando ya kitanda cha yule mama, aweke simu kwenye spika, afasiri.

"Sema kama ninavyosema mimi," nikamwagiza. "Usiseme 'kaka anasema hivi'. Nikisema 'mimi', na wewe sema 'mimi'. Ndivyo inavyofanywa."

"Kaka, huyu mama hajui mambo ya mahakama."

"Fanya tu."

Nikaanza. "Unavunja sheria ya nchi yako. Unashikilia pasipoti isiyo yako." Nikanyamaza kidogo kumpa nafasi, kama ninavyopenda mashahidi wanipe mimi. Nikamsikia akifasiri kwa sauti ndogo. Nikaendelea. "Nisipoipata kufikia kesho, nitakushtaki, na polisi watakuja mpaka hapo kitandani kwako."

"Kaka..."

"Fasiri!"

Akafasiri. Kisha nikaisikia sauti ya yule mama, na hata mimi nisiyejua Kiarabu nilisikia kwamba hakukasirika. Ilikuwa sauti ya mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemtarajia. Simu ikakatika. Nami, haki ya Mungu, nikajipongeza. Nilirudi mahakamani nikitembea kifua mbele.

Jioni simu ya dada ilikuwa imezimwa. Nikasema anapanga nguo. Kesho yake asubuhi bado imezimwa. Saa nne afisa wa ubalozi akanipigia, na uchovu wake ulikuwa umegeuka kuwa ukali.

"Ajenti wa huku, aliyempatia dada yako kazi, amenitafuta. Yule mama analia. Anasema mfanyakazi wake amemtishia. Amemwinamia kitandani akamwambia atamshtaki na kumletea polisi. Sasa huyo mama amemnyang'anya simu, na anasema hatampa pasipoti ng'o. Dada yako alimwambia maneno hayo?"

Ndipo nilipoelewa. Hapa kwetu kila mtu anajua kwamba anayesema si mkalimani, maana hakimu amekaa pale mbele na karani yuko kando. Kule chumbani hapakuwa na hakimu. Palikuwa na wanawake wawili, mmoja hawezi kugeuka bila mwenzake, na yule anayemgeuza alikuwa amemwambia kwa kinywa chake mwenyewe, "nitakushtaki". Mimi ndiye niliyekiweka kitisho kile kinywani mwa dada yangu na kumlazimisha akiseme. Na nilifanya hivyo kwa ujuzi wote nilionao.

Mchana ule nilifasiri kesi ya shamba kule Ganda nikapotea katikati ya sentensi, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Hakimu akaniuliza, "Mkalimani, uko nasi?" Nikasema nipo. Sikuwepo. Nilikuwa nahesabu siku, zilikuwa zimebaki mbili na kitu, na dada yangu hata simu hana.

Jirani yangu pale mtaani Shela ni bibi mmoja wa mjini hasa, anayekaanga viazi vya karai barazani kwake kila alasiri. Aliishi Arabuni na marehemu mumewe miaka mingi, Kiarabu kwake ni kama maji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaona uso wangu, akaniuliza nani amekufa. Nikamweleza yote. Nilipofika pale pa "sema mimi", aliuweka mwiko chini.

"Ukamwambia mtoto wa watu amtishie bibi yake kwa ulimi wake mwenyewe? Na serikali inakulipa mshahara?"

"Bi mkubwa, mahakamani ndivyo tunavyofanya."

"Basi nenda kalale huko huko mahakamani."

Lakini alikuwa ameshaanza kunawa mikono. Aliingia ndani akatoka amevaa buibui lake jipya na kujipaka udi. Nikamkumbusha kwamba ni simu tu, haonekani. "Mimi siendi nyumbani kwa mtu nikinuka mafuta ya viazi," akasema. Namba ya yule mama nilikuwa nayo, dada aliniachia tangu zamani kwa ajili ya dharura. Nikaipiga, nikampa.

Salamu zilichukua robo saa nzima. Sijui Kiarabu, lakini salamu ni salamu: hali, watoto, marehemu, miguu, joto. Nilimwonyesha saa yangu, akanipiga kofi mkononi bila kukatiza neno. Kisha akanyamaza akasikiliza, muda mrefu, akisema tu "eh" na "maskini". Mwisho akafunika simu kwa kiganja akanigeukia.

"Ana mtoto mmoja tu wa kiume, ni askari, ameitwa mpakani. Tangu juzi hajasikia sauti yake. Ana mpwa wake wa kike mji mwingine, amesema atakuja kukaa naye, lakini barabarani kuna vizuizi, hajui atafika lini. Anasema dada yako akiondoka kabla mpwa hajafika, yeye atabaki pale kitandani kama gunia, ving'ora vikilia juu yake. Ndiyo maana amekalia pasipoti. Si roho mbaya, mwanangu. Ni woga."

Lo! Barua yangu ilikuwa na kurasa tatu, na ndani yake hapakuwa na swali hata moja.

"Sasa utasema wewe," akaniambia. "Muombe radhi."

"Utafasiri?"

"Nitafasiri. Lakini nitamwambia wazi kwamba anayesema ni wewe, kaka mtu, mjinga mmoja wa Malindi."

Nikaomba radhi. Ilinitoka kwa shida kuliko nilivyodhani. Nimeshaomba radhi mamia ya mara pale kizimbani, kwa sauti ya kulia kabisa, lakini zilikuwa radhi za wezi wa nazi. Nilimwambia yule mama kwamba maneno yale yalikuwa yangu, dada yangu aliyakataa, nikamlazimisha. Kisha tukaanza kuzungumza masharti. Pasipoti na karatasi ya ruhusa vitoke leo, vikae mkononi mwa dada. Naye dada asiondoke mpaka mpwa amefika. Mimi nikataka kuongeza mwisho wake, saa arobaini na nane na si dakika zaidi. Bi mkubwa akanikodolea macho, hakufasiri. Nikarudia. Akaangalia ukuta. Nikajua kwa mara ya kwanza anavyojisikia mshtakiwa mwenye mkalimani mkorofi.

"Unaahidi?" akaniuliza.

"Naahidi."

Yule mama akasema neno. Tukasikia kabati likifunguliwa. Kisha dada akaja kwenye simu akilia, akasema anaiona picha yake mwenyewe, pasipoti iko mkononi, na simu yake amerudishiwa. Bi mkubwa naye akafuta machozi kwa ncha ya buibui, kisha akanitukana kidogo na kurudi kwenye viazi vyake.

Hapa ningependa kuishia, nionekane mtu mzuri. Lakini sikuishia hapo.

Nilimjulisha afisa wa ubalozi. Akafurahi, akasema ana nafasi kwenye ndege ya kesho asubuhi. "Baada ya hiyo kuna nyingine moja, pengine. Mimi nisingengoja." Nikampigia dada papo hapo.

"Pasipoti unayo, karatasi ina sahihi. Kesho alfajiri ondoka."

"Na mama?"

"Ana majirani. Ana serikali yake."

"Majirani wameshaondoka, kaka. Na wewe uliahidi."

"Niliahidi ili utoke!" Nilipiga kelele mpaka mpita njia akageuka. Kisha nikamshushia sheria. Nikamwambia ahadi iliyotolewa kwa kushurutishwa haimfungi mtu. Nikamwambia yule mama alishikilia pasipoti kinyume cha sheria, kwa hiyo hana haki ya kudai masharti. Nikamwambia mama yetu analia Jilore. Hoja zote zilikuwa nzuri, na nilizipanga vizuri.

"Nimekusikia," dada akasema.

Asubuhi yake ile ndege iliruka, na jina lake halikuwemo kwenye orodha. Nikapiga simu yake: imezimwa. Nikapiga tena na tena mpaka kidole kikauma. Ya yule mama iliita tu bila kupokelewa. Basi nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuisikia. Nikasema yule mama ametuchezea, amempokonya simu kwa mara ya pili, na pasipoti pia. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikaenda kwa bi mkubwa nikamwambia, "Umeona? Umeona uungwana wako?" Akageuza viazi vyake, akasema, "Ngoja." Nikamwambia kungoja ndiko kulikotufikisha hapa.

Mama akapiga simu. Nikamwambia mtoto yuko njiani. Huo ulikuwa uongo, na nilijua ni uongo wakati nausema.

Siku ya pili redio ikasema mazungumzo ya hotelini yamevunjika, na mabalozi wamekunja makabrasha yao kila mmoja akarudi kwao. Nchi moja ikawaamuru raia wake watoke saa hiyo hiyo. Nilikaa ofisini nikaandika malalamiko mapya dhidi ya yule mama, ya udanganyifu, na safari hii sikumsaza. Nilikuwa kwenye ukurasa wa pili afisa wa ubalozi aliponipigia. Nyuma yake kulikuwa na makelele ya watu wengi.

"Niko uwanja wa ndege," akasema. "Dada yako yuko hapa mbele yangu, ameshapita ukaguzi. Mpwa wa yule mama amefika leo asubuhi, na ndiye aliyemleta kwa gari lake."

Niliweka kichwa juu ya meza. Karani mwenzangu alidhani nimezimia akaniletea maji.

Ndege yao ilikuwa miongoni mwa za mwisho. Kabla haijafika huku, anga ya kule ilifungwa. Tuliisikia habari hiyo tukiwa safarini kwenda Mombasa kumpokea, mimi na mama, na mama akanishika goti hakuliachia mpaka uwanjani.

Dada alitoka amekonda, begi moja, mtandio kichwani. Mama alimrukia, wakalia wote wawili mbele za watu bila kujali. Mimi nilisubiri zamu yangu. Nilikuwa na hotuba yangu tayari kuhusu yule bibi kizee, jinsi alivyotuvunjia makubaliano, na jinsi nitakavyofuatilia hata kama vita vitachukua mwaka.

"Alikunyang'anya simu tena," nikaanza. "Siku mbili nzima. Nimeyaandika yote."

"Nani?" akauliza.

"Si huyo mama yako wa Ghuba."

Akanitazama, macho yamevimba kwa usingizi na kilio.

"Simu niliizima mwenyewe, kaka. Na ya mama niliiweka mbali na kitanda."

"Uliizima? Siku mbili? Unajua nilivyo... Kwa nini?"

"Kwa sababu ungepiga tena. Na mimi nakujua, tangu tukiwa watoto hujawahi kushindwa kwa maneno. Ungepiga mara moja zaidi tu, ningemwacha."

Hakulisema kwa ubaya. Mama alikuwa ameinua begi upande mmoja, ameinama, ananisubiri nishike upande wa pili. Nikashika, tukatoka nje kwenye jua.